Kovu Ambalo Mbombo Hakuwa Nalo

Hakuna kitu cha hospitali kinachoweza kunishangaza mimi. Nilifanya kazi miaka ishirini na nane katika hospitali ya kompani ya mgodi hapa Kolwezi, na nilianza na fagio. Nimeona mtu aliyeporomokewa na mawe kule mgodini Musonoi akija kwa miguu yake mpaka mlangoni na kuuliza foleni inaanzia wapi. Nimeona mapacha wakizaliwa munganga, yaani muuguzi, angali anatafuta glavu. Kwa hiyo ninyi batoto mnaponijia na karatasi ya bei mkononi, "Papa Mukendi, ona, hata pamba wanatuambia tukanunue Manika sokoni", mimi sishtuki. Ninaijua pamba hiyo tangu ilipokuwa bure. Nitawaeleza ilivyopanda, lakini kwa njia yangu. Shule nilisoma miaka mitatu tu. Mengine yote niliyapata kwa mikono hii.

Kazi yangu ilikuwa kuua vijidudu. Dokta alipasua, munganga akafunga kidonda, sifa wakachukua wao, lakini kila chuma kilichoingia ndani ya mwili wa mtu kilipita kwanza kwangu. Nilikuwa chef, mkubwa wa chumba cha otoklavu, yaani chungu kikubwa cha mvuke ambamo vyuma, vitambaa na glavu vinapikwa mpaka hakibaki kitu hai. Watu waliita chumba changu jiko la hospitali. Sawa, lakini katika jiko langu hakuna aliyewahi kuumwa tumbo.

Siku zile bomba la sindano lilikuwa la kioo. Asubuhi lilitumika kwa mchimbaji, likaoshwa, likachemshwa, mchana likatumika kwa bibi wa karani. Sindano yenyewe ilikuwa ya chuma, na ikichoka haikutupwa, ilinolewa. Nilikuwa na jiwe langu dogo la kunolea, nalipaka mafuta. Unailaza sindano kidogo, unaivuta upande mmoja tu. Usiende mbele na nyuma kama anayenoa panga. Halafu unaipitisha katika pamba. Ikitoka na uzi mmoja wa pamba, bado ina jino, rudia. Wamama katika foleni walikuwa wanauliza kama sindano za siku hiyo zimenolewa na Mukendi, na kama sivyo, wengine walirudi kesho yake. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Waulizeni, wako.

Glavu nazo hatukuzitupa. Tuliziosha, tukazipuliza kwa mdomo kama watoto wanavyopuliza mpira, tukazizamisha ndani ya maji ili povu lionyeshe tundu liko wapi. Tundu likionekana, tunakata kipande cha glavu iliyokufa, tunabandika kwa gundi, tunapaka poda, inarudi kazini. Kulikuwa na dokta mmoja Mbelgiji aliyepasua watu mwaka mzima na glavu yenye viraka vitatu kwenye kidole gumba. Nilipotaka kumpa mpya alikataa, akasema hiyo imeshamjua.

Aliyenifundisha yote hayo ni Tata Kalala, mtu wa Kasai kama sisi, aliyeletwa na treni kwa kazi ya mgodi, na mgodi ukamla sikio moja. Hakuweza kusikia vizuri otoklavu inavyolia, kwa hiyo aliiwekea kiganja ubavuni juu ya kitambaa, akaisikiliza kwa mkono. Alikuwa na sheria moja. Mshale ukifika penye alama nyekundu, unahesabu dakika thelathini, na hata kama gavana anangoja nje, hufungui. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua kwenye dakika ya ishirini, maana dokta alikuwa anapiga kelele. Tata Kalala hakunigombeza. Alivitoa vile vitambaa vikiwa bado vimelowa, akanifunga navyo shingo, kichwa na mikono, akanitembeza wodi nzima. Kila mgonjwa aliuliza nimevunjika nini. "Amevunjika akili," Tata Kalala akawajibu, "lakini atapona." Nilipona. Sikufungua tena kabla ya saa.

Sasa tuje kwenye bei yenu. Mnasema ni wanganga wanakula fedha. Wengine wanakula, ndiyo. Lakini mimi niliona mambo yalivyogeuka. SIDA, huu ukimwi, ilipoanza kutajwa, watu waliogopa bomba la kioo, na walikuwa na haki. Yakaja ya plastiki: unatumia mara moja, unatupa. Kitu tulichokuwa tunanunua mara moja kwa miaka mitatu tukaanza kukinunua kila asubuhi, nacho kinatoka Ulaya, na Ulaya haitaki zaire zetu, fedha ya siku zile. Bei ya shaba ya kompani ikaanguka, zaire nazo zikaanguka juu yake. Mpira mmoja wa mlango wa otoklavu, duara la mpira tu, tuliungojea miezi minane. Nikakata mpira wa ndani wa tairi la lori, nikaupanga mwenyewe, ukashika. Umeme wa bwawa la Nzilo ukiyumba tuliwasha makala, makaa ya kupikia. Tulibana sana, lakini hospitali iligeuka polepole. Ilikuwa nyumba ya kukupa kila kitu, ikawa nyumba ya kukuandikia vitu vya kwenda kununua.

Hayo yote ni kweli. Ni nusu ya habari, na ndiyo nusu ninayoipenda kuisimulia, kwa sababu mimi simo ndani yake. Nusu ya pili ni kitabu.

Kila mfanyakazi wa kompani alikuwa na kitabu cha familia, chenye jina lake, la bibi yake, yaani mke, na la kila mtoto, na muhuri juu. Jina lako limo, unatibiwa bure. Jina lako halimo, unabaki nje ya uzio. Picha hazikuwepo. Basi niambieni: mtu ana kitabu, ndugu yake hana, mtoto wa ndugu yake anaungua na homa. Atafanya nini? Tulikopeshana vitabu kama wamama wanavyokopeshana sufuria. Mtoto wa shemeji anaingia kwa jina la mtoto wako, mnamfundisha njiani namna ya kuitika. Kitabu changu kilikuwa na watoto saba. Kwa majina ya hao saba, sijui walitibiwa wangapi. Mtoto wangu wa tatu, kufuatana na faili yake, aliugua surua mara nne. Tulicheka sana.

Na mimi nilikuwa mkubwa katika mchezo huo, kwa sababu nilikuwa ndani. Nikipita mtaani Manika jioni, watu walisema, yule ndiye mwenye mlango. Nilipenda kusikia hivyo kuliko nilivyopenda mshahara.

Siku moja Tata Tshibangu, fundi cherehani wa Manika, alikuja kwangu mbio, sentimita yake ya kupimia nguo bado iko shingoni. Binti yake Ngalula, wa miaka kumi, alikuwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo, upande wa kuume, chini. Tshibangu hakuwa mtu wa kompani. Cherehani ilimlisha, haikuweza kumlipia upasuaji. Nilimwambia asiniambie maneno mengi. Nilichukua kitabu changu, nikamwingiza Ngalula kwa jina la binti yangu Mbombo, kwa sababu walikuwa umri mmoja. Walimpasua siku ileile, wakatoa apandisiti, kile kidole kidogo cha utumbo kinachooza. Vyuma nilivipika mwenyewe. Baada ya siku nane mtoto alirudi nyumbani mzima, na Tshibangu akanishonea abakosti, ile suti isiyovaliwa tai, nzuri hata nikakosa sherehe ya kuivalia. Na katika faili ya hospitali, chini ya jina la Mbombo, binti yangu, karani aliandika kwamba apandisiti imetolewa.

Ikapita miaka saba. Mbombo alikuwa mwaka wa mwisho wa shule ya ualimu. Katika nyumba yetu hakuna aliyekuwa amefika hapo, na mimi niliwaambia watu habari hiyo hata wasiponiuliza. Lakini kompani ilikuwa imeanza kukaza. Vitabu vyote viliitwa, picha zikabandikwa, wakawekwa makarani wa kupekua mafaili, nao walilipwa mshahara, msisahau hilo mnapouliza fedha zinakwenda wapi. Tukaambiwa: atakayeshikwa kwamba alikopesha kitabu anafukuzwa, na haki ya kutibiwa katika uzee inafutwa, yake na ya bibi yake. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi mitano kuingia pensheni.

Jumatatu asubuhi Mbombo aliamka akiwa ameshika tumbo. Nilimpeleka mwenyewe, tukapita mbele ya foleni, maana ni mimi. Munganga aliyekuwa mezani alikuwa na watu wengi sana nje. Akafungua faili, akasoma, akamuuliza mtoto wangu kwa upole.

"Mama, balikupasulaka apandisiti?"

Mbombo aliniangalia. Mimi niliangalia kalenda ukutani.

"Ndiyo," akasema.

Nami nikaongeza, kwa sauti yangu ya chef, kwamba hiyo ni malaria, ninaijua. Munganga akaandika kwinini. Hakumlaza kitandani, hakumgusa tumbo. Kwa nini amguse? Faili imesema, binti amesema, Papa Mukendi amesema.

Siku ya pili bibi yangu alinifuata uani.

"Ule mutoto hawezi kunyoosha muguu," akaniambia.

Nilimjibu kwamba kwinini inataka siku tatu.

"Mi niko nakuuliza juu ya muguu, we uko unanijibu juu ya kwinini."

Niliondoka, nikaenda kazini. Batoto, nataka mfahamu vizuri: nilijua. Mguu ule uliokunjwa nilikuwa nimeuona kwa Ngalula. Nilijua siku ya kwanza, wakati wa kalenda. Lakini kichwani nilikuwa nahesabu miezi mitano, na kila nilipofika mwisho wa kuhesabu nilijiambia pengine ni malaria kweli, watu wanaugua malaria kila siku. Mtu mwenye kuogopa anaweza kuwa mjinga sana, hata kama amekuwa chef.

Jumatano asubuhi tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao na midomo ilikuwa imekauka. Tulimbeba.

Dokta wa siku hiyo alikuwa kijana aliyetoka shuleni Lubumbashi, kola ya shati imegeuzwa ili ichakae upande wa pili. Kando yake alikaa karani mmoja wa wale wa kupekua, na faili magotini. Dokta alisoma, akafunua nguo, akaangalia upande wa kuume wa tumbo la mtoto wangu. Aliangalia muda mrefu. Ngozi ilikuwa safi.

"Papa Mukendi, kovu iko wapi?"

Akajibu Mbombo, meno yamekazana.

"Ilipotea, dokta."

Bado alikuwa ananitunza. Anakufa, na ananitunza.

Dokta hakukasirika. Alinieleza kama anavyoelezwa mtu asiyejua kazi hii. Kovu la kupasuliwa halipotei. Kama kweli walimpasua, yeye lazima atafute ugonjwa mahali pengine, na kutafuta kunakula saa. Kama hawakumpasua, anakata sasa hivi. Anataka neno moja tu kutoka kwangu.

Karani aliinua macho. Mimi nilimwangalia karani, sikumwangalia mtoto. Hapo bibi yangu akasema, bila kupandisha sauti:

"Baba Mbombo, sema. Kama hausemi, miye nitasema, na jina yako nitaitaja."

Nikasema hawakumpasua. Nikasema alipasuliwa mtoto mwingine. Nilisikia kifuniko cha kalamu ya karani kikifunguka.

Dokta aliuliza kitu kimoja tu, kama vyuma viko tayari. Havikuwa tayari. Sanduku lililopikwa lilikuwa limetumika alfajiri kwa mama aliyeshindwa kuzaa, na la pili lilikuwa linaoshwa. Nilikwenda mbio chumbani kwangu, nikawaondoa wasaidizi, nikapanga vyuma mwenyewe kimoja kimoja, nikafunga mlango wa otoklavu. Mshale ulipofika kwenye nyekundu nilianza kuhesabu.

Sijawahi kuona dakika kama zile. Kwenye dakika ya kumi na tano munganga mmoja alikuja kuuliza. Kwenye ya ishirini na mbili akarudi, akasema dokta anauliza kama inawezekana. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye gurudumu la mlango. Ningefungua, ni nani angejua? Lakini vyuma vibichi ndani ya tumbo lililojaa usaha, hiyo ni kumwua mara ya pili. Nikamwambia "bado". Nikaweka kiganja changu ubavuni mwa chungu, nikahesabu kwa sauti ili nisijidanganye, mpaka thelathini.

Walipofungua tumbo, apandisiti ilikuwa imepasuka zamani. Dokta aliniambia baadaye kwamba ingekuwa Jumatatu, ni kazi ya saa moja na siku nane za kitanda, kama yule mwingine. Ilikuwa Jumatano. Mbombo alilala siku ishirini na sita na mpira wa kutoa usaha ubavuni. Dawa moja haikupatikana Kolwezi yote. Kijana wangu mkubwa aliifuata Lubumbashi kwa treni, na bei aliyoikuta siku ile si ile aliyoambiwa na watu waliotangulia wiki moja. Alipona. Ni mwalimu leo, Musonoi, wengine wenu amewafundisha kusoma. Dokta aliniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba usaha ulifika pale uzazi unapokaa. Mbombo ameolewa miaka sita sasa. Nyumba yake ni safi sana na ni kimya. Hajawahi kunisema hata neno.

Nilifukuzwa nikiwa nimebakiza miezi mitano. Waliniuliza jina la yule mtoto aliyepasuliwa kwanza, sikulitoa. Leo ninalitaja kwa sababu Ngalula ameolewa mbali, na baba yake amekufa. Tshibangu aliposikia, alikuja kwangu na cherehani yake kichwani, ameitoa dukani, anataka niiuze. Nilimwambia airudishe, suruali za watu zinamngoja. Alilia kwenye kiti changu. Mimi sikulia, nilikuwa na kiburi bado.

Mkiniuliza kama nilifanya vibaya kumwingiza Ngalula, siwezi kuwajibu ndiyo. Yule mtoto angekufa. Lakini mnaponiuliza kwa nini bei inapanda, siwezi tena kuwahesabia plastiki na shaba peke yake. Kila mmoja wetu aliingiza mtu wake, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Surua mara nne za mtoto wangu, mtu alizilipa. Kompani ilipoona inatibu mji mzima kwa majina ya nusu ya mji, haikutafuta Mukendi mmoja mmoja. Ilifuta wazee, ilifuta watoto waliovuka umri, ilianza kudai fedha kwanza kabla ya kumgusa mgonjwa, na aliyeumia ni yule aliyekuwa mwaminifu, ambaye kitabu chake hakijatoka nyumbani kwake hata siku moja. Mpaka leo nikimwona mtu wa namna hiyo katika foleni, ninapita upande mwingine wa barabara.

Na ubaya wangu mimi haukuwa kufungua mlango. Ulikuwa siku mbili za kunyamaza. Mnasikia? Ugonjwa unaoufichia sababu hauna bei ya kudumu. Kila saa inapanda.

Siku ya kumtoa Mbombo nilikwenda kwenye dirisha la malipo. Nilivaa ile abakosti, sikuwa na nguo nyingine ya heshima. Aliyekaa ndani alikuwa kijana wa umri wenu, mwenye adabu. Alikuwa na karatasi mbili mbele yake, ya upasuaji wa Mbombo, maana kitabu changu kilikuwa kimefutwa, na ya ule wa Ngalula wa miaka saba iliyopita, iliyopigiwa hesabu upya kwa bei ya siku ile.

"Papa, hii ya zamani nayo unalipa? Haikukuwa ya mutoto yako."

Nilimwambia aandike zote mbili kwa jina langu, akate katika hesabu yangu ya mwisho, ile ya miaka ishirini na nane. Akajumlisha mara mbili ili asinionee. Akaandika kwa tarakimu, halafu kwa maneno kama sheria ilivyotaka, akageuza karatasi ili nisome mwenyewe kabla ya kutia sahihi: zaire elfu sitini na nne, mia tatu na themanini na tano.